Ziba Ufa Kwanza, Rangi Baadaye

Mashauri kwa wakulima wa Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta juu ya kupaka chokaa, kupaka rangi na kubandika karatasi nyumbani



Mavuno yakiisha na pojo zikauzwa, wengi wenu katika skimu za makazi hufikiria nyumba. Jambo hilo ni jema. Mtu aliyepata shamba lake mwenyewe hapendi kukaa katika nyumba yenye kuta zilizochakaa. Basi huenda mjini, hununua ndoo ya rangi, huirudisha kwa pikipiki, na siku ya pili kuta zinang'aa. Watoto hufurahi na majirani husifu. Lakini mvua za Novemba zikija, rangi hufura mapovu, kisha hubanduka vipande vipande na kuchukua udongo pamoja nayo. Fedha za magunia ya pojo huwa zimelala chini ya ukuta.

Aghalabu kosa si la rangi, wala si la fundi peke yake. Kosa ni kupaka rangi juu ya ukuta mgonjwa, au kuuvika ukuta vazi lisiloufaa. Wazee walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tunaongeza kwamba ukiupaka ufa rangi, utajenga ukuta na kununua rangi mara ya pili. Tafadhali soma mashauri haya kabla hujafungua mfuko wako.

JUA UKUTA WAKO

Ukuta wa udongo hunywa maji na kupumua. Unyevu hupanda kutoka ardhini, na mwingine huingia kwa mvua ya upepo. Jua likiwaka, unyevu huo hutoka polepole, na ukuta hubaki mzima. Rangi ya mafuta, na hata nyingi katika rangi za maji zinazouzwa madukani, hufanya ngozi juu ya ukuta kama karatasi ya plastiki. Maji yakishaingia nyuma ya ngozi hiyo hayapati njia ya kutoka. Udongo hulainika, na ngozi huanguka.

Plasta ya saruji juu ya udongo ina shida hiyo hiyo. Saruji ni ngumu, udongo hupanuka na kusinyaa. Vitu viwili hivyo havitembei pamoja. Nyufa nyembamba hutokea, maji huingia, na baada ya muda ukigonga ukuta unasikia sauti ya mtungi mtupu.

Basi shika kanuni hii. Ukuta wa udongo upake chokaa. Ukuta wa mawe au matofali wenye plasta ya saruji waweza kupakwa rangi ya maji, au chokaa pia ikiwa fedha ni haba. Milango, madirisha na mbao nyingine zipake rangi ya mafuta. Mwenye kufuata kanuni hii amekwisha kuokoa nusu ya gharama yake.

TENGENEZA UKUTA KWANZA

Zunguka nyumba yako ukitazama mambo matatu: maji, mchwa na nyufa.

Maji ya paa yasianguke juu ya ukuta. Ukingo wa paa ukitokeza sentimita 60 au zaidi, ukuta hukingwa vizuri. Chini yake chimba mfereji wa kupeleka maji mbali, au weka mtaro wa bati na uyaongoze kwenye tangi. Katika nchi kavu kama ya Voi, maji yanayoharibu ukuta ndiyo yale yale unayoyatafuta mwezi wa Septemba.

Mchwa huonekana kwa njia zao za udongo zinazopanda ukutani. Usizipake chokaa juu. Zikwangue, uzifuate mpaka zinapotokea, na uondoe kuni, mabua na mbolea vilivyorundikwa karibu na ukuta, kwa maana hapo ndipo chakula chao. Nguzo iliyokwisha kuliwa ibadilishwe sasa, kabla ya kazi ya kupaka.

Nyufa ziba kwa udongo wenye tabia moja na ukuta. Chukua udongo wa kichuguu uliochekechwa, uuchanganye na mchanga. Anza na sehemu moja ya udongo kwa sehemu mbili za mchanga. Paka kipande kidogo kama kiganja cha mkono, ukiache siku mbili. Kikipasuka, ongeza mchanga. Kikivunjika kuwa vumbi unapokisugua, ongeza udongo. Kinyesi kibichi cha ng'ombe husaidia udongo kushikamana. Nanyi mnaokaa katika nchi ya katani mna dawa nyingine karibu: nyuzi za katani zilizokatwa urefu wa kidole na kuchanganywa katika udongo huzuia nyufa mpya.

Kabla ya kuziba, panua ufa kidogo kwa kisu, ondoa vumbi, na uunyunyizie maji. Ufa mkavu hunyonya maji ya udongo mpya mara moja, na udongo huo huanguka. Ukuta ukauke polepole. Jua la Voi likiwa kali, ufunike kwa gunia bichi.

Jambo jingine: visima vingi vya nchi ya chini hutoa maji ya chumvi. Maji hayo yasitumiwe kuchanganyia plasta ya saruji, maana chumvi hutoka baadaye na kusukuma rangi. Tumia maji ya mvua au ya mfereji. Ukuta ukiwa tayari una unga mweupe wa chumvi, upanguse kwa brashi kavu. Ukiuosha kwa maji, chumvi hurudi ndani na kungoja siku nyingine.

CHOKAA NA NAMNA YA KUIPAKA

Chokaa si kitu kigeni kwetu. Watu wa pwani wamechoma mawe ya matumbawe katika matanuri kwa karne nyingi. Nyumba za zamani za Lamu na kuta za Ngome ya Yesu kule Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, zilijengwa kwa mawe hayo na chokaa hiyo. Moto hutoa gesi ya kaboni katika jiwe, na jiwe hugeuka kuwa chokaa. Ukiipaka ukutani, chokaa huvuta tena gesi ile kutoka hewani na kurudi kuwa jiwe. Ndiyo sababu chokaa iliyopakwa vizuri haibanduki kama ngozi. Imekuwa sehemu ya ukuta.

Nunua chokaa iliyokwisha kuzimwa, ile ya unga inayouzwa kwa mifuko. Mfuko uwe mkavu na usiwe na mabonge, kwa kuwa chokaa iliyokaa wazi muda mrefu imekwisha kuvuta hewa na nguvu zake zimepungua. Chukua debe la maji, lita 20, utie kilo 5 za chokaa kidogo kidogo huku ukikoroga. Tia chokaa katika maji. Usimwage maji juu ya chokaa. Funika, ulaze usiku mmoja au zaidi. Asubuhi koroga tena na uchuje kwa kipande cha gunia au chandarua kikuukuu. Mchanganyiko uwe mwepesi kama maziwa, si mzito kama uji.

Wengi huongeza kilo moja ya chumvi iliyoyeyushwa katika maji ya moto. Chumvi huzuia chokaa kukauka upesi mno, nayo hupata nafasi ya kugeuka jiwe. Lakini usitie chumvi pale penye misumari na mabati, maana huleta kutu.

Lowesha ukuta kwa maji kabla ya kupaka. Hapa ndipo wengi hukosea. Chokaa ikipakwa juu ya ukuta mkavu wenye moto, hukauka kwa dakika chache, hubaki unga, na kila anayeegemea hutoka na mgongo mweupe. Paka asubuhi na mapema, au jioni, upande ulio kivulini. Paka nyembamba. Chokaa mbichi huonekana kama maji tu, na mtu asiyejua huongeza na kuongeza. Uwe na subira, kwa maana itakuwa nyeupe ikikauka. Ngoja siku moja, lowesha kidogo, upake mara ya pili, kisha ya tatu. Mara tatu nyembamba ni bora kuliko mara moja nzito, kwa sababu chokaa nzito hupasuka na kuanguka kama magamba.

Debe moja lapasa kutosha mara moja kwa nyumba ya kawaida ya vyumba viwili. Kila mwaka, au kila miaka miwili, ongeza mara moja. Kazi hiyo ni ya siku moja tu.

CHUNGA MACHO

Chokaa huunguza. Yaweza kumpofusha mtu. Mpakaji avae miwani au kitu kingine cha kukinga macho, mikono mirefu na glavu, na ajipake mafuta usoni. Asipake dari akiwa ameinua uso chini ya brashi. Watoto wasikaribie ndoo.

Chokaa ikiingia jichoni, usilisugue. Mlaze mtu, fungua kope zake, ummwagie maji safi mengi bila kukoma kwa dakika 20, kisha umpeleke hospitali upesi hata kama maumivu yamepungua. Weka ndoo ya maji safi karibu kabla hujaanza kazi, usije ukaitafuta wakati mtu analia.

PINDO NYEKUNDU

Kila mtu ajua ndovu wa Tsavo ni wekundu. Hawakuzaliwa hivyo, hupakwa na udongo. Udongo huo huo hupaka nyumba yako. Matone ya mvua huruka kutoka ardhini na kuchafua ukuta mweupe mpaka kimo cha goti. Usishindane nao. Paka sehemu ya chini ya ukuta wa nje, kadiri nusu mita, rangi nyekundu au nyeusi, na sehemu ya juu iwe nyeupe. Nyumba itaonekana safi mwaka mzima.

Pindo hiyo haihitaji rangi ya dukani. Udongo mwekundu uliochekechwa kwa kitambaa na kukorogwa katika chokaa hutoa rangi nzuri ya waridi au ya tofali. Usizidishe udongo, maana ukizidi nusu kilo kwa kila kilo tano za chokaa mchanganyiko hupoteza nguvu. Tengeneza wote kwa siku moja katika chombo kimoja, la sivyo upande mmoja wa nyumba hautafanana na mwingine.

Sehemu ya juu iwe nyeupe kwa sababu nyingine pia: ukuta mweupe hurudisha mwanga wa jua, nao hauchukui joto jingi. Na ndani ya nyumba, chumba cheupe chenye dirisha dogo humwezesha mtoto kusoma kitabu chake bila kuwasha taa mchana.

RANGI YA DUKANI

Plasta mpya ya saruji isipakwe rangi mpaka siku 28 zipite. Ina maji na ukali ndani yake, na ukali huo huila rangi ya mafuta na kuifanya kama sabuni.

Pima kabla ya kununua. Tuseme nyumba yako ina urefu wa mita 6 na upana wa mita 4, na kuta zina kimo cha mita 2 na nusu. Kuzunguka nyumba ni mita 20. Zidisha kwa 2 na nusu, unapata mita za mraba 50. Toa mlango na madirisha, kadiri mita 5, zinabaki 45. Lita moja ya rangi ya maji hufunika kadiri mita za mraba 10 za ukuta laini. Ukipaka mara mbili ni mita 90, yaani lita 9. Ukuta wa kukwaruza waweza kunywa karibu mara mbili ya hizo. Mwenye duka akikuambia ununue lita 40, mwonyeshe hesabu yako.

Mbao zipigwe msasa, zifutwe vumbi, na mafundo yazibwe. Zipake kwanza rangi ya msingi, kisha rangi yenyewe mara mbili, ukiacha kila moja ikauke kabisa. Usisahau ukingo wa chini wa mlango, usioonekana. Hapo ndipo maji huingia na mbao huoza. Brashi iliyotumika kwa rangi ya maji ioshwe kwa maji siku ile ile. Ya rangi ya mafuta ioshwe kwa tapentaini au mafuta ya taa, mbali na moto.

SUMU YA RISASI

Rangi nyingi za mafuta za zamani zilitiwa madini ya risasi, hasa zile za manjano na nyekundu zenye kung'aa. Risasi ni sumu. Huharibu ubongo wa mtoto, na madhara hayo hayaponi. Jambo hili limejulikana siku nyingi. Mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mapatano mjini Geneva ya kuzuia rangi nyeupe ya risasi ndani ya majumba. Siku hizi shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lashauri kwamba risasi katika rangi isizidi sehemu 90 katika kila sehemu milioni.

Basi nunua rangi iliyofungwa, yenye jina la mtengenezaji na alama ya KEBS, na iliyoandikwa kwamba haina risasi. Usinunue rangi iliyomiminwa katika chupa isiyo na jina. Ukikwangua rangi kuukuu, lowesha kwanza ili vumbi lisiruke, na watoto na mama mjamzito wakae mbali. Vipande vyote viokotwe, wala visichomwe moto.

Wafugaji wasikie na hili. Ndama hupenda kulamba kila kitu. Makopo ya rangi na betri kuukuu vikiachwa uani, ndama atalamba na aweza kufa kwa risasi. Kopo la rangi pia lisigeuzwe kuwa chombo cha maji ya kunywa au cha unga. Na ukipaka paa linalokusanya maji ya tangi, uliza rangi inayofaa kwa kazi hiyo, na uache mvua za kwanza zioshe paa kabla ya kuyaingiza maji tangini.

KUBANDIKA KARATASI

Watu wengi hupamba chumba kwa magazeti na kalenda. Pambo hilo ni la bei nafuu, nalo huzuia vumbi la ukuta. Karatasi za plastiki zenye gundi zinazouzwa mjini hazifai ukuta wa udongo, kwa sababu hufunga unyevu nyuma yake na kuleta kuvu. Karatasi ya kawaida hupumua.

Gundi jitengenezee. Koroga kikombe kimoja cha unga wa muhogo au wa ngano katika kikombe kimoja cha maji baridi mpaka mabonge yaishe. Mimina katika vikombe vitano vya maji yanayochemka, huku ukikoroga mpaka iwe nzito na yenye kung'aa. Ipoe. Tumia siku ile ile, maana kesho itachacha.

Pangusa ukuta vumbi lote na chokaa iliyolegea. Paka gundi nyepesi ukutani, iache ikauke, ndipo upake gundi karatasi na kuibandika. Tundika uzi wenye jiwe ili upate mstari ulionyooka. Anza chini ukipanda juu, karatasi ya juu ifunike ukingo wa ile ya chini, kama mabati ya paa. Sukuma hewa kwa kitambaa kutoka katikati kwenda pembeni.

Lakini shika makatazo matatu. Usibandike karatasi jikoni wala karibu na mahali pa kibatari, kwa maana moto hupanda karatasi upesi kuliko mtu anavyoweza kukimbia. Usibandike juu ya ukuta wenye unyevu. Na acha sentimita 30 za chini wazi, ili uone mchwa wakianza kupanda. Karatasi huwaficha, na ukija kuwagundua nguzo imekwisha. Kwa kuwa gundi ya unga huwavuta mende, karatasi kuukuu ibanduliwe kabla ya kubandika mpya, zisirundikane moja juu ya nyingine.

WAKATI WA KAZI

Katika nchi ya chini, toka Voi mpaka Taveta, ziba nyufa mwezi wa Julai au Agosti, ukuta ukauke, na upake chokaa Septemba, kabla ya mvua za vuli. Huko milimani, Wundanyi na Mgange, ukungu wa katikati ya mwaka hauruhusu ukuta kukauka. Ninyi ngojeni miezi ya Januari na Februari.

Ikiwa fedha yako haitoshi mwaka huu, usikope kwa ajili ya rangi. Fanya mfereji, ziba nyufa, ondoa mchwa. Kazi hizo zahitaji jembe, udongo na mikono ya watu wa nyumbani, nazo ndizo zitakazoweka nyumba imesimama. Mfuko wa chokaa utafuata mavuno yajayo. Na siku hiyo ukifika, itakuta ukuta mzima unaoingoja.